Andaa Mwili Kabla ya Kushika Jembe

Mada: Mazoezi ya kutia mwili nguvu kabla ya msimu wa kulima

(Muziki wa kipindi. Punguza sauti polepole. Msomaji aanze.)

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku umetega sikio. Kama umekaa, kaa vizuri, kwa maana baada ya muda mfupi nitakuomba usimame.

Mvua inapokaribia, kila nyumba huwa na pilikapilika. Shamba linafyekwa. Panga linanolewa. Jembe lililolegea linatiwa mpini mpya. Mbegu zinanunuliwa, mbolea inatafutwa. Kila kitu kinaandaliwa isipokuwa kimoja, nacho ni mwili wa yule atakayeshika jembe. Mara nyingi mwili huo ni wako, mama.

Matokeo yake tunayaona kliniki. Mvua ikishanyesha wiki moja au mbili, akina mama huanza kuja wakiwa wameshika kiuno. Mmoja anasema, "Sista, mgongo umekataa kunyooka." Mwingine anasema goti limevimba. Mwingine hasemi kitu mpaka wengine watoke, ndipo anapofunga mlango na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba akiinua mtungi wa maji anajikojolea.

Nakumbuka mama mmoja mwenye watoto wanne, ambaye mume wake alikuwa akifanya kazi mbali. Mvua ya kwanza iliponyesha aliingia shambani saa kumi na mbili asubuhi, akalima mpaka saa nane mchana bila kupumzika. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu aliinama kuokota jembe na hakuweza kuinuka. Alilala wiki tatu. Mtoto wake wa kwanza, msichana wa darasa la sita, alikosa shule ili apike na kuwabeba wadogo zake. Mama alipopona, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini, na yake hayajapandwa. Mwaka huo alinunua unga mapema kuliko wenzake.

Kwa hiyo msikilizaji, maumivu ya mgongo wa mama hayamwumizi mama peke yake. Yanafika kwenye ghala, yanafika shuleni, yanafika kwenye sufuria. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze jinsi ya kuuandaa mwili wiki kadhaa kabla ya msimu wa kazi nzito.

"MIMI NIMEZOEA KAZI"

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo tayari. "Sista, sisi tumezoea kazi. Mazoezi ni ya watu wa mjini wanaokaa ofisini." Ni kweli mmezoea kazi. Lakini hebu niwaulize: mmezoea kazi ipi?

Wengi wenu mnalikumbuka jina la Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret. Mwaka wa 1996 alikwenda Ufini, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya, kujifunza skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Mwaka wa 1998 aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie alimngoja pale mwisho wa mbio na kumkumbatia, kwa sababu alijua ni kazi gani Mkenya yule amefanya.

Sasa, Boit alikuwa na mapafu na moyo wa mwanariadha. Hakuwa mvivu. Lakini skii inadai mambo ambayo kukimbia hakudai sana. Mikono na mabega husukuma kwa fimbo mbili hatua kwa hatua. Tumbo na mgongo hushikilia kiwiliwili. Mapaja hufanya kazi magoti yakiwa yamekunjwa. Mazoea ya kazi moja hayautayarishi mwili kwa kazi nyingine.

Watu wa nchi hizo wanalijua jambo hilo vizuri. Theluji yao huja kwa miezi michache tu. Lakini hawangoji ianguke ndipo waanze kuitafuta nguvu. Miezi ya joto, wakati hakuna theluji, wanaoshindana katika mchezo huo huchuchumaa na kuinuka, hupanda vilima wakiwa na fimbo zao, na wengine huteleza barabarani kwa mbao fupi zenye magurudumu. Hata mtu wa kawaida anayekwenda kuteleza wiki moja tu kwa mwaka hushauriwa aanze kutia nguvu mapaja na tumbo wiki kadhaa kabla. Asipofanya hivyo, siku ya pili mapaja hutetemeka, magoti hukosa mtu wa kuyashikilia, naye huanguka na kuumia.

Msimu wao ni wa theluji na wetu ni wa mvua, lakini mwili wa binadamu ni mmoja. Wewe mama, kuanzia mavuno hadi mvua nyingine unafanya kazi nyingi: unapika, unafua, unafagia, unatembea sokoni. Lakini hukuinua jembe mara elfu kwa siku. Ukianza ghafula kwa saa nane, mwili unashtuka.

MWILI HUPATAJE NGUVU?

Tuelewe kwa ufupi. Misuli hupata nguvu inapopewa kazi inayozidi kidogo ile iliyozoea, kisha ikapumzishwa na kulishwa. Wiki mbili au tatu za kwanza, ubongo na mishipa ya fahamu hujifunza kuiamsha misuli vizuri. Misuli yenyewe huanza kukua wazi kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8. Kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato. Huwezi kuandaa mwili kwa siku mbili, kama vile huwezi kukuza ng'ombe wa maziwa kwa wiki moja.

Basi tuhesabu wiki 6 hadi 8 kabla ya kulima. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mvua ya masika ni ya kuanzia Machi hadi Mei. Wewe anza mazoezi mwezi wa Januari. Kwa ndugu zetu wa Ukambani, wanaotegemea zaidi mvua ya vuli kuanzia Oktoba, anza mwezi wa Agosti. Fanya siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 20 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na kutembea kwa haraka au kazi kama hiyo dakika 150 kwa wiki. Huhitaji chumba cha mazoezi. Unahitaji kiti, ukuta, mkeka, mpini wa jembe na mtungi mdogo wa maji.

MAZOEZI SABA

Sasa simama. Vaa nguo isiyokubana, na kama umevaa leso ifunge vizuri usije ukaikanyaga. Anza kwa kutembea haraka uani dakika 5 ili mwili upate joto.

Zoezi la 1: Kukaa na kuinuka. Egemeza kiti imara ukutani. Simama mbele yake, miguu iachane kwa upana wa mabega, mikono uikunje kifuani. Shuka polepole ukihesabu 1, 2, 3 mpaka makalio yaguse kiti, kisha inuka bila kujisukuma kwa mikono. Magoti yaelekee mahali vidole vya miguu vinapoelekea, yasigongane. Rudia mara 8. Zoezi hili linatia nguvu mapaja na makalio. Hiyo ndiyo misuli inayopaswa kuinua mzigo badala ya mgongo. Nyanya ambaye hawezi, ashike meza kwa mkono mmoja.

Zoezi la 2: Kuinama kwa nyonga. Chukua mpini mtupu, usio na jembe, uusimamishe mgongoni. Mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na juu ya makalio. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma, kama vile unavyofunga mlango kwa makalio wakati mikono imejaa vyombo. Kifua kitashuka chenyewe. Mpini ukiacha kugusa sehemu moja, jua mgongo umepinda, simama uanze tena. Rudia mara 8. Akina mama, zoezi hili likiwaingia, mtakuwa mmejifunza kuinama upya.

Zoezi la 3: Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani. Weka viganja ukutani sawa na mabega. Kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Mwili wote uwe umenyooka kama ubao. Rudia mara 8. Hili ni la mabega, kifua na mikono.

Zoezi la 4: Daraja. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Kaza makalio, uyainue mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Hesabu mpaka 3, shuka polepole. Rudia mara 8. Usizuie pumzi.

Zoezi la 5: Kupanda ngazi moja. Tumia ngazi ya mlangoni au jiwe pana lisiloyumba. Panda kwa mguu wa kulia, simama wima, shuka polepole. Mara 8 mguu wa kulia, mara 8 mguu wa kushoto. Kushuka polepole ndiko kunakoyalinda magoti unaposhuka mteremko ukiwa na mzigo.

Zoezi la 6: Kubeba na kutembea. Jaza maji mtungi wa lita 5. Ubebe kwa mkono mmoja, utembee hatua 30 bila kuinamia upande wowote. Badilisha mkono. Fanya mara 2 kila mkono. Misuli ya ubavuni itafanya kazi kukushikilia wima.

Zoezi la 7: Kukaza misuli ya ndani. Hili hufanywa hata ukiwa umekaa kwenye matatu, na hakuna atakayejua. Ndani ya nyonga kuna misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo wa chini. Kaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja. Hesabu mpaka 5, legeza ukihesabu mpaka 5. Usikaze tumbo wala mapaja, wala usizuie pumzi. Fanya mara 10, na urudie mara 3 kwa siku, kila siku. Usilifanye zoezi hili wakati unakojoa. Ukifunga kikamilifu kwa wiki nyingi utaona tofauti unapokohoa au kuinua mzigo.

NAMNA YA KUONGEZA

Wiki ya 1 na ya 2: fanya duru moja ya mazoezi yote kama nilivyoeleza.

Wiki ya 3 na ya 4: fanya duru mbili, ukipumzika dakika moja au mbili katikati.

Wiki ya 5 na ya 6: fanya duru tatu. Katika zoezi la kukaa na kuinuka, shika mtungi wa lita 5 kifuani. Katika zoezi la kubeba, tumia mtungi wa lita 10.

Wiki ya 7 na ya 8: punguza duru ziwe mbili, lakini shika jembe. Lima bustani ya mboga dakika 20 siku tatu kwa wiki, kisha dakika 30. Hapo mikono na viganja pia vinazoea.

Misuli ikiuma kidogo siku inayofuata au ile ya tatu, usiogope, hiyo ni kawaida na huisha yenyewe. Lakini maumivu makali ya ghafula, au maumivu ndani ya kiungo, yanakuambia usimame. Usiendelee kwa kushindana na jirani. Na ukikosa wiki moja kwa sababu ya mtoto mgonjwa au matanga, usikate tamaa. Rudi hatua moja nyuma, uendelee.

SIKU YA KUINGIA SHAMBANI

Mwili ulioandaliwa pia unahitaji kutumiwa kwa akili. Siku ya kwanza lima saa mbili au tatu, si siku nzima. Ongeza kidogo kila siku. Anza asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Kila baada ya dakika 20 au 30, simama wima, weka viganja kiunoni, jinyooshe taratibu kwa nyuma mara 5, unywe maji. Badilisha mkono wa mbele na mguu wa mbele mara kwa mara, usilime upande mmoja asubuhi yote. Mpini mfupi sana hukulazimisha kuinama zaidi. Kama unanunua mpya, chagua mrefu unaokufaa kwa kimo chako.

Unapoinua mzigo, usogelee kwanza. Mzigo ulio karibu na kifua ni mwepesi kwa mgongo kuliko ulio mbali. Panua miguu, sukuma makalio nyuma kama tulivyofanya na mpini, inuka kwa mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Mtungi wa lita 20 una uzito wa zaidi ya kilo 20. Ukiweza, gawanya maji kwenye mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, au tumia mkokoteni. Na baba akiwa nyumbani, mwambie achote maji.

MAMA MJAMZITO NA MAMA ALIYEJIFUNGUA

Nisikilizeni hapa kwa makini.

Mama mjamzito mwenye afya njema anaweza kutembea na kufanya mazoezi mepesi, na yatamsaidia. Lakini kwanza uliza kliniki, hasa kama una shinikizo la damu, upungufu wa damu, mapacha, au uliwahi kutokwa na damu. Mimba ikiwa kubwa, liache zoezi la kulala chali. Usianze kubeba mizigo ambayo hukuizoea. Ukitokwa na damu au maji, ukipata kizunguzungu, maumivu ya tumbo, kifua au kichwa kikali, kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, acha kila kitu uende hospitalini mara moja.

Mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida anaweza kuanza zoezi la 7 na kutembea polepole siku chache baada ya kujifungua, akijisikia vizuri. Mazoezi mengine na mizigo yangoje mpaka akaguliwe kliniki ya wiki ya 6. Aliyepasuliwa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake katika wiki hizo 6, na aulize daktari kabla ya kurudi kwenye jembe. Kama ulijifungua Februari, basi mwaka huo wewe si mlimaji wa siku ya kwanza. Wazee na akina baba mnaosikiliza, mama mkwe unayesikiliza, hili si deko. Misuli ya ndani iliyonyooshwa na uzazi ikibebeshwa mzigo mapema, inaweza kulegea na kizazi kikashuka. Msaidizi wa wiki chache ni nafuu kuliko matibabu ya kizazi kilichoshuka.

Dada yangu unayejikojolea ukikohoa, ukicheka au ukiinua mtungi, hujalaaniwa na si lazima uvumilie kwa sababu umezaa. Anza zoezi la 7 leo, na uje kliniki. Ukihisi kitu kinashuka au kujitokeza sehemu za siri, njoo upimwe. Na kama mkojo au choo kinavuja wakati wote tangu ulipojifungua, huo ni ugonjwa mwingine, fistula, na unatibiwa kwa upasuaji. Usijifiche nyumbani.

Nimeulizwa mara nyingi kama mama anayenyonyesha akifanya mazoezi maziwa huharibika. Hapana. Maziwa hayachachi kifuani kwa sababu ya kazi, jasho wala jua. Nyonyesha kabla ya mazoezi ili kifua kiwe chepesi, kunywa maji, na umnyonyeshe mtoto tena anapotaka.

WALEZI WA WAGONJWA

Kuna msimu usio na mwisho, nao ni wa yule anayemtunza mzee aliyepooza au mtoto mwenye ulemavu anayezidi kuwa mzito. Mlezi, mazoezi haya ni yako mwaka mzima. Kabla ya kumwinua mgonjwa, mwambie unachotaka kufanya, naye akusaidie kwa kadiri anavyoweza. Mgeuze ubavu kwanza, ateremshe miguu, akae, ndipo asimame. Simama karibu naye, mguu mmoja mbele, mapaja yafanye kazi. Usimvute kwa mikono yake. Usikubali akuning'inie shingoni. Akiwa mzito kuliko nguvu zako, mwite mtu wa pili, si aibu.

CHAKULA NA DAMU

Misuli haijengwi kwa mazoezi peke yake. Kwenye ugali na sukuma wiki ongeza maharagwe, ndengu, omena, yai au maziwa, chochote kinachopatikana nyumbani kwako. Mama ale naye, asiwe wa kukwangua sufuria wengine wakishashiba.

Ukichoka haraka, ukahema kwa kazi ndogo, viganja na ndani ya macho vikawa vyeupe, huenda umepungukiwa na damu. Nenda upimwe kabla ya kuanza mazoezi. Mjamzito ameze tembe za kuongeza damu anazopewa kliniki. Na chai ya majani usinywe pamoja na chakula, ngoja saa moja hivi, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye maharagwe na mboga.

USIPUUZE DALILI HIZI

Maumivu mengi ya mgongo hupungua katika wiki chache ukiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha zaidi. Lakini nenda hospitalini bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

1. Miguu kufa ganzi au kukosa nguvu.
2. Kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kufa ganzi sehemu za siri.
3. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda au kutokwa na jasho usiku. Kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo.
4. Maumivu baada ya kuanguka au kugongwa.
5. Kifua kubana au kuishiwa pumzi unapofanya kazi.

TUKUMBUKE

Kwanza, mazoea ya kazi za nyumbani hayatoshi kukuandaa kwa jembe. Pili, anza wiki 6 hadi 8 kabla, siku tatu kwa wiki, kidogo kidogo. Tatu, inama kwa nyonga, inua kwa mapaja. Nne, mjamzito na aliyejifungua wapitie kliniki kwanza. Tano, kujikojolea na kizazi kushuka hutibiwa, usinyamaze.

Wiki hii nakupa kazi moja. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, kaa na kuinuka kwenye kiti mara 8. Ukiweza, mwite jirani mfanye pamoja. Chama chenu kinapokutana kwa mchango, tengeni dakika 20 za mazoezi kabla ya kuhesabu pesa. Waiteni pia wasichana wenu, kwa maana migongo yao ndiyo ya misimu ijayo.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa kijiji chake au afike kituo cha afya kilicho karibu. Nawatakia mvua njema na migongo yenye nguvu. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.

(Muziki wa kumalizia.)

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, kazi gani huumiza migongo ya akina mama zaidi, na ni mwezi gani?
2. Nani anaweza kumsaidia mama aliyejifungua ikiwa mvua imemkuta kabla ya wiki ya 6?
3. Ni mazoezi yapi kati ya yale saba tunayoweza kufanya pamoja, siku gani na saa ngapi?